Kukagua draiva ya keneli: mimi naanzia mwisho

Karibuni tena, jamani. Nipo Shangani, Mtwara, feni nimezima maana inaingia kwenye maiki. Mkiona jasho, si woga. Leo tunakagua draiva ya Linux, yaani msimbo unaoifanya keneli, kiini cha mfumo, iongee na kifaa. Kijana mmoja wa Lindi kaandika ya kitambuzi cha unyevu, anataka kukitundika kwenye ghala la korosho. Kinaongea kwa I2C, njia ya nyaya mbili ya kuunganisha vifaa vidogo, na kina mguu mmoja wa kupiga kelele unyevu ukizidi kiwango.

Endesha scripts/checkpatch.pl. Tabu, nafasi, mistari mirefu, skripti itasema yenyewe. Tuendelee.

Wengi husoma kutoka juu. Mimi naanza na remove, sehemu inayoendeshwa kifaa kikiondolewa; probe ni ile ya kukipokea. Mtu akiandika probe bado ana nguvu, akifika remove usingizi umemshika. Ziweke ubavu kwa ubavu, hivi... maandishi hayaonekani, eh? Ngoja nikuze. Hapo.

Probe: anachukua memori kwa kzalloc, kisha intarapti, ile ishara ya kifaa kuibishia keneli hodi, kwa devm_request_threaded_irq. Remove: kfree ya kuachia memori, basi. Kisafi kama sahani ya sikukuu. Kumbe kina sumu! Ile devm, ambayo huachia yenyewe ulichochukua, inaachia intarapti BAADA ya remove kumaliza. Memori imeshaondoka, intarapti ingali hai, inabisha hodi kwenye nyumba iliyobomolewa. Mwaka jana nililipitisha hili hili kwa mteja, nikaandika "safi". Mashine ikawa inaanguka, nami nikalaumu umeme wiki mbili nzima.

Tulione. Keneli hii nimeiwashia KASAN, mnasa makosa ya memori, na baada ya kfree nimechomeka msleep(2000), usingizi wa sekunde mbili, ili mwanya uwe mpana. Naandika rmmod kuiondoa draiva, napulizia kitambuzi... Kimya. Tena. Huuu... Kimya! Jana usiku ilikubali.

Aa, nimeelewa. Pwani hii! Kiwango nimeweka asilimia 70, na hewa ya chumba hiki imeshapita, kwa hiyo mguu uko juu tangu asubuhi, hakuna badiliko la kuamsha intarapti. Napandisha hadi 90. Rmmod, pumzi... Hiyo hapo! Use-after-free, memori kuguswa baada ya kuachiwa, imetoka yote kwenye waya wa siriali. Waya huo ninao dukani, wa volti 3.3. Msinunue wa volti 5 mkaunguza kibao halafu mkaniletea mimi.

Dawa: kzalloc iwe devm_kzalloc, nayo itangulie intarapti. Devm huachia kinyumenyume, cha mwisho kuchukuliwa ndicho cha kwanza kuondoka. Na kfree IFUTWE. Ukiiacha, memori itaachiwa mara mbili. Kfree ifutwe, mmenisikia? Mimi niliisahau hata siku ya kurekebisha.

Kuna kingine: mutex_init, ya kutengeneza kufuli la kulinda data, kaiweka chini ya ombi la intarapti. Intarapti ikija mapema itakuta kufuli halijatengenezwa. Ipande juu. Uzi (thread) wa intarapti kautumia vizuri, maana kusoma I2C kunaweza kulala, yaani kusubiri, na kwenye intarapti ya kawaida hakulaliwi.

Majibu muandikie chini ya mstari wenyewe, si rundo moja mwishoni. Mimi namwambia: "Hapa intarapti inaishi kuliko memori yake." Reviewed-by, ile sahihi ya mkaguzi, simpi leo. Akituma toleo la pili nitawasha kamera, na safari hii nitaanza kwa kupima unyevu wa chumba.