Firigisi ni ya nani?

Ndugu wanafunzi, nikiuliza firigisi ya kuku ni ya nani, Waluhya watanijibu bila kusita: ya baba mwenye nyumba. Imondo, kama wanavyoiita, hailiwi ovyo. Leo nauliza kwa maana nyingine: ni ya wanyama gani?

Tuanze na huyu kuku aliye mezani. Chakula hulowa kwanza kwenye kifuko cha shingoni, kikapita tumbo dogo linalotoa asidi na vimeng'enya, ndipo kikaingia firigisini. Kuku hana meno, kwa hiyo kusaga kote kunafanyika hapa. Tazameni nikiipasua: misuli minene huku na huku, katikati vikokoto alivyodonoa uani, na ndani kabisa ile ngozi ya njano ambayo jikoni hubanduliwa ikatupwa. Hiyo ndiyo ngao yake. Unjano umetokana na nyongo inayorudi kutoka utumboni. Katika karne ya 18 Mwitaliano Lazzaro Spallanzani alimlisha bata mzinga tufe la madini ya risasi lililochomekwa sindano. Ukatili, ndiyo. Sindano zikavunjika ncha, firigisi isipate hata mchubuko.

Nyungunyungu naye ana firigisi, anasagia majani yaliyooza kwa chembe za mchanga. Mkizi wetu wa pwani, mla tope, sehemu ya tumbo lake imejaa misuli minene, na wataalamu wanaiita firigisi vilevile. Watatu hawa hawakuirithi kwa babu mmoja. Kila ukoo uliipata kivyake. Jina limefuata kazi.

Mtego uko kwa mende. Chombo chake cha kusagia, chenye meno sita magumu, vitabu hukiita proventrikulo. Jina hilohilo kwa ndege ni lile tumbo la asidi, ambalo halisagi chochote! Kwa hiyo ukiulizwa kazi ya proventrikulo, kwanza uliza: ya nani?

Tai je? Anayo, ila kuta zake ni nyembamba, maana nyama haidai kusagwa sana. Chakula hubadilisha hata firigisi za kuku wenyewe kwa wenyewe: anayelishwa unga laini tangu kifaranga, yake hubaki ndogo kuliko ya mwenzake anayekula punje nzima. Kila meza ina kuku wawili, broila na wa kienyeji. Chukueni visu, anzeni na broila.