Sahani ya Mzee: Mhadhara kwa Wazee na Walezi Wao, Chamwino

Wazee wangu, shikamooni. Mbukwenyi! Na ninyi vijana mliowasindikiza wazazi, karibuni sana, maana maneno yangu mengi leo yanawahusu ninyi mnaopika na kupakua.

Nikipita kwenye kaya nakuta jambo lilelile. Asubuhi mzee kapewa chai ya rangi na andazi. Mchana, tonge za ugali wa sembe na mlenda. Jioni uji mweupe, eti kwa sababu hana meno. Kuku akichinjwa, minofu ni ya watoto, mzee anaachiwa mchuzi. Tumbo limejaa, ila mwili haujapata cha kujijenga. Jambo hili linaniuma.

Umri ukisogea, hamu ya kula hupungua na misuli husinyaa. Watu wakiona mzee anakula kidogo, hudhani kila kitu anakihitaji kidogo. Sivyo. Protini anaihitaji kuliko kijana: gramu 1 hadi 1.2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mzee wa kilo 50, basi, apate gramu 50 hadi 60. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15 hivi. Pigeni hesabu ya chai na andazi mjionee wenyewe. Misuli ikiisha, kuinuka kwenye kigoda kunakuwa kazi. Mzee anaanguka, nyonga inavunjika, na kutoka hapo ni kitandani. Mwenye ugonjwa wa figo tu ndiye asiongeze protini kabla hajamuuliza daktari.

Sisemi mnunue nyama kila siku. Mlenda ni mboga nzuri, unateleza, hauhitaji meno. Kosa ni kuupika mtupu. Twanga karanga, tia humo, koroga mpaka uwe mzito. Kunde na choroko zichemke mpaka zipondeke. Dagaa waoshe mchanga, kaanga wakauke, twanga wawe unga, kisha tia kijiko kwenye mboga yoyote. Uji uwe wa ulezi, wenye kalsiamu nyingi kwa mifupa, na maziwa juu yake. Ugali wa uwele tumekulia huohuo. Sioni kwa nini mzee abadilishiwe sembe iliyokobolewa.

Karanga zichambueni kwa macho: iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi, tupa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu hapa Dodoma na kwa jirani zetu Manyara, na ilitokana na mahindi. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Sasa magadi. Najua yanalainisha mlenda na kunde haraka, na kuni ni ghali. Lakini magadi yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Binti ananiambia, "Baba ana presha, chumvi tumemwachisha," na chunguni magadi yamejaa! Kunde lowekeni usiku kucha, zitaiva upesi bila magadi.

Maji nayo. Mzee anaweza kukaukiwa asihisi kiu, na kiangazi chetu mnakijua. Wengi hawanywi wakiogopa kuamka usiku. Kunyweni zaidi asubuhi na mchana, jioni mpunguze. Aliyeambiwa na daktari apunguze maji kwa sababu ya moyo afuate alivyoambiwa. Chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma. Subirini kama saa moja.

La mwisho kwenu vijana. Nguo za mzee zikianza kupwaya, msiseme ni uzee tu. Kukonda bila sababu kunaweza kuwa kisukari, kifua kikuu, jino bovu linalomzuia kutafuna, au huzuni ya kufiwa na mwenzake na kubaki anakula peke yake. Mpelekeni zahanati apimwe uzito na sukari, na mkirudi, mtengeeni mezani mnapokula ninyi.