Kulala Ndegeni Nako ni Mtaji

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na ambao sijawasalimia hapo habari zenu. Wakubwa shikamooni. Nimepewa dakika ishirini na mnanijua mimi mdomo wangu, kwahiyo tuanze.

Mwenyekiti aliponipigia akaniambia mama njoo utuongelee safari za China, mi nikajua ni kontena, ushuru, mambo yale yale. Akasema hapana, hayo tumeyasikia mpaka yamechacha, tuongelee namna ya kulala kwenye ndege. Nikacheka weee. Halafu nikakumbuka viatu.

Mwaka 2011, safari yangu ya kwanza Guangzhou. Usiku wa kuamkia safari sikulala kabisa, nafunga begi nafungua, mashoga wamekuja kuniaga wamekaa mpaka saa sita, asubuhi nikala maharage na chapati nikashushia na soda, nikavaa jinzi mpya inayobana na viatu vipya maana mtu unaenda eapoti lazima upendeze. Siti niliyopata ni ya katikati, mstari wa mwisho kabisa ule uliogusana na choo. Sikupata hata lepe. Nikatua asubuhi nikaenda moja kwa moja sokoni, macho mekundu, nikachagua viatu vya kike katoni ishirini nikasaini nikalipa. Mzigo unafika Dar nafungua, vyote namba 35 na 36. Jamani mimi naapa niliona 38 na 39! (watu wanacheka) Chekeni tu, vile viatu nimevitembeza mpaka 2014, vingine wamevaa watoto wa darasa la sita.

Ndo maana nawaambia kulala ndegeni sio starehe, ni pesa yako ile. Ona sasa, Guangzhou wametutangulia masaa 5. Ukitua kwao saa tatu asubuhi mwili wako upo saa kumi ya usiku ya Kariakoo, na saa kumi ya usiku wewe hapo dukani kwako ungemruhusu mtu akusainishe hundi? Mchina kalala kwake vizuri, kanywa chai, ana kikokotoo mkononi. Wewe unasinzia umesimama.

Sasa usingizi wenyewe unaanzia nyumbani. Kama siku tatu hivi kabla ya safari, anza kulala mapema, leo lisaa limoja, kesho ongeza tena, kwasababu tunaelekea mashariki na mashariki ndo kugumu, mwili unakubali kuchelewa kulala kirahisi ila kuuwahisha unagoma. Kwa kawaida unahitaji kama siku moja kwa kila lisaa la tofauti ndo uzoee, kwahiyo hizo mbili tatu ulizozianza hapa Dar unakuwa umeshajilipia. Na mashoga wa kuaga waje juzi yake.

Halafu tiketi, hapa naomba mnisikilize maana imewaumiza watu. Tiketi ikikuandikia Jumatano 01:55, hiyo ni usiku wa kuamkia Jumatano, yani saa nane kasoro dakika tano, Jumanne usiku unatakiwa uwe eapoti. Kuna kaka simtaji yupo humu humu ndani (kelele) alienda Jumatano usiku na mabegi yake. Na wengine wakiona 01 wanaelewa saa moja asubuhi, kumbe ni saa saba usiku. Muulize mtoto wako akusomee, sio aibu.

Siti sasa. Ukiweza kuchagua chukua dirishani, kuna pa kuegemea na hakuna wa kukuruka akienda chooni. Kwenye bawa ndo ndege inatikisika kidogo kuliko nyuma. Mstari wa mwisho kabisa kwenye ndege nyingi kiti hakilali, na pale mbele penye ukuta miguu inapata nafasi lakini ndo wanapofunga vitanda vya watoto wachanga, kwahiyo ukae ukijua. Ila kama mwili wako unakupeleka chooni kila saa, kaa siti ya njiani tu usiwasumbue wenzio.

Twende kwenye hewa ya mle ndani, watu wengi hawaielewi. Ndege haijai hewa kama ya hapa Dar. Ikiwa juu, mle ndani ni kama wamekupandisha mlimani, mpaka mita 2,400 hivi, hizi ndege za Dreamliner kama ile ya Air Tanzania inayoenda Guangzhou wanashusha mpaka kama 1,800, ndo karibu na kuwa Mbeya mjini. Sasa hewa ikiwa nyepesi gesi inatanuka. Kunywa maji ndegeni, chupa ikiisha ifunge vizuri iweke, mkitua utaikuta imebonyea yenyewe kama imekanyagwa. Sasa ile gesi nayo ipo tumboni mwako, kule juu inatanuka robo mpaka theluthi, halafu umekula maharage na kabichi na soda juu! Mimi nilijua nimerogwa. Kula wali kidogo na samaki, basi.

Na ni pakavu mno. Sisi tumezoea jasho la Dar, kule unyevu unashuka chini ya asilimia 20, ndo maana koo linakauka na pua zinauma. Kunywa maji kidogo kidogo, paka mafuta midomo, pitisha mafuta kidogo puani. Kahawa acha mapema, kafeini ikishaingia baada ya masaa kama matano nusu yake bado ipo mwilini. Na bia za bure, najua mnazipenda, zinakuangusha haraka kweli lakini usingizi wake ni wa kukatika katika na unaamka na kiu.

Vaa nguo pana, dela, suruali ya kitambaa, soksi. Baridi ipo hata kama umetoka Kariakoo unatiririka. Mimi nabeba kanga mbili, moja najifunika mpaka kichwani, giza linaingia lenyewe, nyingine naikunja naweka hapa kiunoni kwa nyuma, mgongo unashukuru. Mto wa shingo watu wanauvaa kinyume, kichwa kinaangukia mbele, ugeuze upande mnene uje chini ya kidevu. Sisi wafupi miguu inaning'inia, weka kibegi chini uikanyagie. Mkanda funga juu ya kanga, uonekane, vinginevyo ndege ikitikisika kidogo muhudumu atakuamsha akague.

Miguu sasa, hapa sitanii. Safari ya zaidi ya masaa 4 umekaa tu, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu, na donge likipanda kwenye mapafu linaua. Kila ukiamka nyanyua visigino, shusha, zungusha, tembea. Mjamzito, aliyetoka kupasuliwa karibuni, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, aliyewahi kuganda damu, muone daktari kabla hujakata tiketi, anaweza kukwambia uvae zile soksi za kubana. Na vidonge vya usingizi usiazime kwa jirani, unalala kama gogo masaa manane hujageuka, ndo hatari yenyewe hiyo.

Mkishapaa tu badilisha saa yako iwe ya Guangzhou. Kule ni usiku? Lala, hata chakula wakileta waache, njaa haitakuua. Ukitua asubuhi na mapema vaa miwani ya giza, jua la asubuhi sana linauchanganya mwili unadhani bado ni usiku wa jana, subiri kuanzia saa tano ndo utoke ulipate jua vizuri. Na siku hiyo usinunue kitu! Zunguka mtaa wa Xiaobei pale Guangzhou, kula, uliza bei, andika, ukalale. Kesho yake ndo utoe pesa.

Ehe, maswali. Dada mwenye gauni la kijani. (Swali: na ukikaa na jirani anayeongea njia nzima?) Mdogo wangu, vaa hizo spika za masikioni, hata kama hazijachomekwa kwenye kitu.

Mzee wangu pale, shikamoo. (Swali: kurudi je, ni hivyo hivyo?) Kurudi ni rahisi baba, unaelekea magharibi, siku inarefuka. Shida ya kurudi ni nyingine, utakaa macho njia nzima unapiga hesabu ya mzigo, na hapo mimi sina dawa.