Mzee aliyevisoma tena vitabu vyake

Ndugu zangu, anayetaka kumjua Augustino, yule askofu na mwandishi Mkristo wa kale, kwa kawaida huanzishiwa kwenye Maungamo, kitabu anamosimulia maisha yake mwenyewe, na mimi sina ugomvi na hilo. Wizi wa peasi usiku, machozi ya mama yake Monika, ile sauti ya mtoto bustanini Milano mwaka 386, "chukua usome", kisha ubatizo wa Pasaka ya 387. Mmeyasikia. Leo nawapitisha mlango wa nyuma.

Alizaliwa mwaka 354 Thagaste, leo Souk Ahras, nchini Algeria. Ndiyo, ni Mwafrika, tena Kigiriki cha shuleni alikichukia na hakuficha. Alipokuwa askofu wa Hippo, Annaba ya leo, muda wake mwingi uliliwa na kesi za watu waliokuja kusuluhishwa. Vitabu alivitamka makarani wakiandika, katika saa alizoziokoa.

Mnamo mwaka 427, umri umeshapita miaka 70, akaketi na vitabu hivyo na kuvisoma kimoja baada ya kingine, kwa mfuatano alioviandika, huku akijisahihisha. Alihesabu kazi 93, zilizogawanywa katika vitabu 232. Matokeo yake yanaitwa Retractationes. Msidhani maana yake ni kukana. Ni kukishika kitu tena mkononi, ukigeuze, ukitazame. Mahali pengine anajitetea. Mahali pengine anasema wazi: hapa nilikosea.

Mfano mmoja. Katika kitabu cha nne cha Maungamo anamlilia rafiki yake wa ujanani. Anasema walikuwa roho moja katika miili miwili, na kwamba labda aliogopa kufa kwa sababu akifa yeye, yule mpendwa atakuwa amekufa mzima mzima. Wasomaji wengi huufunga ukurasa huo wakipangusa macho. Mzee anaufikia, anausoma, anasema: haya ni mbwembwe nyepesi za msemaji kuliko maungamo mazito. Kumbukeni alikuwa mwalimu wa balagha, yaani sanaa ya kusema kwa ufasaha, kabla ya kuwa askofu. Alizijua mbinu zake mwenyewe. Mimi, kusema kweli, naona amejihukumu kwa ukali mno. Ukurasa ule ungali unauma. Lakini hapo ndipo nilipoanza kumwamini: mtu anayeshuku hata sentensi yake iliyopendeza.

Kazi hiyo hakuimaliza. Barua na mahubiri vilikuwa bado vinasubiri zamu. Wavandali, kabila la wavamizi kutoka Ulaya, wakauzingira mji wa Hippo, naye akafa humo tarehe 28 Agosti 430, zaburi za toba zikiwa zimebandikwa ukutani ili azisome kitandani. Rafiki yake Possidio, aliyeandika maisha yake, ndiye anayetusimulia.

Mwaka 1990, katika maktaba moja ya Mainz, Ujerumani, mtaalamu Mfaransa François Dolbeau alitambua mahubiri 26 ya Augustino, mengine yakiwa hayajulikani kabisa. Hayo mzee hakuwahi kuyapitia. Tunayasoma kama makarani walivyoyanasa, akiwa bado anaongea na watu waliosimama mbele yake.