Tranka la Babu na Shule ya Malangali

FESTO: Kamwene, kamwene! Karibuni tena. Leo sauti imekauka, mnivumilie. Nimekula vumbi la kutosha wiki hii.

ATU: Kamwene, kaka Festo. Wasikilizaji, huyu Jumapili kanipigia simu alfajiri, watu bado tumo kwenye mablanketi, ananiuliza msasa gani unatoa rangi ya mafuta bila kukwaruza bati.

FESTO: Na hukunijibu, dada. Haya, ni hivi: Ima, yule mtoto wa dada yangu mnayemsikiaga humu, kapangiwa kidato cha tano Malangali, kule Mufindi, Iringa. Fomu ya kujiunga inataka godoro, ndoo, jembe, kwanja, na tranka lenye kufuli. Nikasema tupite Mafinga tununue tranka jipya. Baba mkubwa akakataa kabisa. Tranka lipo, anasema, liko darini.

ATU: La nani?

FESTO: La babu. Alikwenda nalo Malangali hiyo hiyo, mwishoni mwa miaka ya 50. Juu lina rangi nyeusi, hiyo aliipaka baba mdogo zamu yake ilipofika. Chini yake bluu, ya baba mkubwa. Kwenye kona moja limebonyea, nikapitisha msasa pale ili ninyooshe. Ikatokea kijani. Nikaendelea kidogo, zikatokea herufi nyeupe za brashi: M, A, L. Nikaacha. Nilikaa barazani na msasa mkononi mpaka chai ikapoa.

ATU: Sasa jina la Ima liko wapi?

FESTO: Ndani ya kifuniko.

ATU: Kaka! Bweni zima, matranka ya chuma yamepangana, nani afunue vifuniko kutafuta jina? Tranka linajulikana kwa nje. Lipake rangi, andika jina la mtoto kubwa.

FESTO: Sipaki. Nikipaka ya nne, babu ndiyo basi tena.

ATU: Babu hayumo kwenye rangi. Twende kwenye shule, watu wanasubiri historia.

FESTO: Shule ilifunguliwa 1928, enzi za Waingereza, gavana akiwa Donald Cameron. Na kabla ya shule pale palipigwa vita: tarehe 24 Julai 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey, yaliyoingia kutokea Nyasaland, Malawi ya leo, yalipambana na Wajerumani hapo hapo Malangali. Miaka 12 baadaye wanaletwa watoto kusoma. Aliyeiongoza mwanzoni ni Mwingereza anaitwa Mumford, na huyu ndiye kanifanya niombe tuongelee shule hii. Alisema mtoto asikatwe na kwao. Akawaita wazee wa makabila waje shuleni, ngoma zikaingia kwenye ratiba, watoto wakafundishwa kurusha mkuki. Hayo mawazo yalikuwa yanatembea wakati ule. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki 1924, na mmoja wao alikuwa Mwafrika, James Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo. Mimi hapo naona heshima. Shule nyingine mzee anabaki nje ya uzio. Hapa aliitwa ndani.

ATU: Aliitwa na nani?

FESTO: Na shule.

ATU: Na mkoloni. Kaka Festo, hebu fikiria. Mwaka 1891 pale Lugalo, Wahehe kwa mikuki hiyo hiyo walilimaliza jeshi la Wajerumani la kamanda Zelewski. Haijapita hata miaka 40, Mzungu anamfundisha mjukuu wa wale wapiganaji kurusha mkuki, kama mchezo wa jioni! Hiyo unaiita heshima?

FESTO: Hakufundisha Mzungu, walifundisha wazee.

ATU: Waliochaguliwa na Mzungu. Cameron alikuwa anatawala kwa kupitia machifu, alihitaji vijana wanaorudi kijijini kimya kimya. Aliowaogopa ni makarani. Na alikuwa na sababu: 1929, mwaka mmoja tu baada ya Malangali kufunguliwa, makarani na walimu kule Dar es Salaam wakaanzisha African Association, chama cha Waafrika. Hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa TANU 1954. Karani akisoma barua ya serikali anauliza swali. Ukimshughulisha na ngoma mpaka jioni, swali atalipata wapi?

FESTO: Kwa hiyo anayejua ngoma za kwao haulizi maswali? Babu yangu aliuliza mpaka anaingia kaburini.

ATU: Sijasema hivyo. Nasema nani anapanga. Na pale walikuwepo watoto wa makabila zaidi ya moja. Mila ya nani ilifundishwa? Nani aliamua hii ni mila, ile siyo?

FESTO: Haya, njoo 1967. Mwalimu Nyerere anatoa Elimu ya Kujitegemea. Anasema shule zinamtenga mtoto na jamii yake, mashamba yaingie shuleni. Lile jembe kwenye fomu ya Ima mizizi yake iko hapo. Wazo si lile lile, kwamba shule isimng'oe mtoto kwao?

ATU: Si lile lile hata kidogo! Nyerere mwenyewe alisoma Tabora, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa machifu, anajua ilikusudiwa nini. Yeye alikuwa anapangia nchi yake. Ukishika jembe kwa uamuzi wako, na ukilishikishwa na mtu aliyekunyang'anya shamba, mikono ni ile ile lakini kazi si moja.

FESTO: Mzee aliyekuwa amekaa pale 1928 akimwonyesha mtoto namna ya kushika mkuki hakuwa anamwaza Cameron. Alikuwa anamwaza yule mtoto. Hapo hunitoi.

ATU: Na mimi hunitoi. Huyo mzee namheshimu. Ratiba aliyowekewa siiheshimu.

FESTO: Basi tubaki hivyo.

ATU: Tubaki. Aisee, angalia saa.

FESTO: Zimebaki dakika mbili? Na yale mafunzo matatu kwa wazazi wanaopeleka watoto bweni? Hili la kwanza la ada, kwamba za kidato cha tano na sita zimefutwa tangu 2022...

ATU: Umeshalisema. Mengine wiki ijayo, au tuyaache. Niambie Ima alivyofika.

FESTO: Tuliacha lami, upepo wa Mufindi unajua ulivyo mwezi huu, mtoto kajikunja. Pale getini mlinzi, mtu mzima, akatusaidia kushusha tranka. Akapitisha kidole pale kwenye kona nilipokwangua. Akasoma, M, A, L. Akamuuliza Ima, "Hili la nani?" Ima akasema, "La babu." Mzee akainua upande mmoja, Ima akainua mwingine, wakaenda nalo.

ATU: Wewe ukabaki umesimama.

FESTO: Na ndoo mkononi. Nilisahau kumpa ndoo yake. Kesho narudi kuipeleka.

ATU: Basi mpelekee na brashi.

FESTO: Dada Atu, brashi sipeleki.