Kishikwambi cha Rubani Huchaguliwa Juani

Habari za asubuhi. Nashukuru mmekuja wengi, na wanafunzi wa urubani nawaona mbele hapa. Vizuri, kwa sababu ninyi ndio mnaokaribia kununua. Nimeshaulizwa mlangoni kabla sijakaa: "Kapteni, ninunue kipi?" Kila ninapokwenda naulizwa hivyo hivyo, na mwulizaji huwa ameshika simu yenye picha ya kishikwambi anachokipenda, cha kusomea ramani angani: kioo kikubwa, prosesa mpya kabisa, gigabaiti tele. Sijakutana na aliyeanza kwa kuniuliza kinastahimili nyuzi joto ngapi. Basi tuanze hapo, na mnivumilie tukikaa hapo muda mrefu.

Fungueni ukurasa wa vipimo vya iPad, maana wengi wenu ndiyo mnayoifikiria. Apple wenyewe wameandika kwamba kifaa kitumike mahali penye nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi. Thelathini na tano, ndugu zangu! Vishikwambi vingi vya dukani haviko mbali na hapo. Sasa chukueni mwezi wa pili, saa nane mchana. Hapa Dar es Salaam kivulini tu hewa imeshapita nyuzi 30. Je, ndani ya Cessna 206 iliyoegeshwa Mtemere, kule Hifadhi ya Nyerere, milango imefungwa na jua linapiga kioo cha mbele? Hiyo 35 mmeshaipita zamani, na bado hamjawasha injini.

Nilikaa kiti cha kulia na kijana mmoja, rubani mzuri tu, mikono yake imetulia. Tulikuwa tunasubiri wageni waliochelewa kutoka mbugani. Kishikwambi chake kilikuwa juu ya dashibodi, kioo kimeangalia mbinguni, kimechomekwa kwenye chaji, kimevikwa kava nene jeusi la mpira. Mwangaza ameuweka mwisho ili aone vizuri. Wageni wakaja, mabegi yakapakiwa, tukapaa. Tukiwa bado tunapanda, kioo kikafifia. Akaongeza mwangaza, kikafifia tena. Akaongeza tena. Mara kioo kikawa cheusi, ikabaki alama ya kipimajoto na maneno kwamba kifaa kipoe kwanza. Ramani ya karatasi alikuwa nayo, ndiyo, lakini ndani ya begi, na begi lilikuwa nyuma chini ya mizigo ya wageni. Tulishika mto Rufiji mpaka pwani, tukakunja kushoto, tukafika Dar bila shida, kwa kuwa hewa ilikuwa safi na mto huo haupotei. Angekuwa peke yake chini ya mawingu, juu ya milima ya Ngorongoro, ningekuwa naongea nanyi kwa sauti nyingine.

Fahamuni kilichotokea pale. Kifaa hakikuharibika. Kinapopata joto kupita kiasi hujilinda, na kina mpangilio wake: kwanza hugoma kuchaji, halafu hupunguza mwangaza, halafu hujifunga. Angalieni ubaya wa hatua ya pili. Jua linapokuwa kali ndipo unapouhitaji mwangaza, na ndipo kifaa kinapokunyima. Mnaosema mtanunua chenye prosesa yenye nguvu zaidi, nguvu hiyo nayo hutoa joto. Ramani inayosogea polepole haihitaji mashine ya kuchezea michezo ya video.

Kuna mzee mmoja huniambia kila mara kwamba Ulaya wanarukia vifaa hivi miaka mingi bila matatizo. Sawa. Ulaya wana kiangazi cha miezi michache na viwanja vyenye hanga, mabanda ya kuwekea ndege. Sisi ndege zetu zinalala juani kwenye viwanja vya vumbi, na mgeni akichelewa saa moja, ni saa moja ya kuchomwa. Mwingine ataniambia anakiweka kwenye kisanduku cha barafu pamoja na soda za wageni. Nakuomba usifanye hivyo! Ukikitoa kwenye baridi ukakiingiza kwenye hewa ya Kilwa, unyevu unageuka matone ndani yake kama unavyogeuka nje ya chupa ya soda, na maji hayo hayatatoka kwa kupangusa kwa shati.

Kinachosaidia ni mambo ya kawaida. Chaji nyumbani mpaka ijae, ili ukiwa angani usilazimike kuchaji wakati wa joto. Kava livue, au tafuta jepesi lililo wazi mgongoni. Ndege ikisimama, kishikwambi kishuke chini ya kiti au kwenye mfuko wa mlango ulio upande wa kivuli. Kikiwa kazini, kikae mahali ambapo tundu la hewa linakipulizia mgongoni. Zipo pia stendi zenye feni ndogo, na kwa anayeruka kusini kila siku, pesa hiyo ni bora kuliko gigabaiti za ziada. Na ukiwa bado dukani, omba ukishike mkononi nje ya duka, juani, mwangaza umeongezwa mpaka mwisho, huku kinacheza video. Mwenye duka akikataa, nenda duka jingine. Mnacheka, lakini mnataka kutoa shilingi milioni na zaidi kwa kitu mlichokijaribu chini ya taa ya tyubu!

Umevaa miwani ya jua? Ivae hiyo hiyo unayorukia, ukiangalie kifaa kikiwa kimesimama, halafu ukilaze. Miwani yenye lenzi za polaraizi huweza kukifanya kioo kiwe cheusi kabisa upande mmoja na kisomeke vizuri upande mwingine. Mtu akigundua hilo akiwa usawa wa futi 8,500, tayari ameshakilaumu kifaa ambacho hakina kosa.

Sasa urefu wa juu, maana mkono ule kule nyuma umeinuliwa muda mrefu. Ndiyo, Apple wameandika pia kwamba wamekijaribu mpaka mita 3,000, yaani futi 10,000 hivi. Anayetoka Arusha kwenda Seronera, kule Serengeti, juu ya nyanda za Ngorongoro anaruka futi 10,500 bila kushangaa. Je, kitazima? Kifaa kisicho na sehemu inayozunguka ndani huko hakisumbuki sana, ila hewa nyepesi hukipoza kidogo kuliko hewa nzito, kwa hiyo tumerudi kwenye joto. Hatari ya kweli iko kwa mwenye kompyuta mpakato ya mtumba yenye diski ya kuzunguka. Ndani ya diski ile, kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa msaada wa hewa, kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele mara nyingi sana. Hewa ikipungua, kichwa kinashuka, na kikigusa sahani, data zimekwenda. Diski nyingi za aina hiyo kikomo chake ni hizo hizo mita 3,000. Kama ni mpakato, iwe ya SSD, yaani diski isiyozunguka. Lakini mpakato ndani ya Cessna 172 utauweka wapi? Tuuache.

GPS. Hapa nataka mniangalie usoni. iPad ya Wi-Fi tupu haina kipokezi cha GPS. Haina! Yenye nafasi ya laini ya simu ndiyo inayo, na inafanya kazi hata kama laini hukuweka na bando huna. Ile ya Wi-Fi hukisia mahali ulipo kutokana na mitandao ya Wi-Fi iliyo jirani, ndiyo maana ukiijaribu Kariakoo inakuonyesha mtaa na nyumba, na ukiipeleka juu ya Ziwa Natron haijui lolote. Mnaniambia ni ya bei nafuu. Unafuu huo utaulipa baadaye ukinunua kipokezi cha pembeni cha Bluetooth. Si kibaya, tena kikikaa vizuri kinaona setilaiti vizuri kuliko cha ndani, lakini kina betri yake na kinahitaji kukumbukwa kila asubuhi. Kwa vishikwambi vya Android, someni vipimo vya modeli hiyo hiyo mnayonunua. Msiwe mnauliza tu familia yake.

Na kiwasheni mapema. Kipokezi kisicho na mtandao wa kukisaidia kinahitaji kama nusu dakika kusikiliza taarifa za kila setilaiti, na orodha nzima ya setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kuipokea. Usikiwashe ukiwa umeshafika mwanzo wa njia ya kurukia, ukasema kimekufa.

Muda unakimbia, na bado hatujafika kwenye ukubwa. Kwa ndege zetu, inchi 8 inatosha. iPad mini ya tangu 2021 ina kioo cha inchi 8.3 na uzito usiofika gramu 300, inakaa pajani au kwenye usukani bila kuficha saa za dashibodi. Samsung nao wana Galaxy Tab Active, nayo ya inchi 8 kwa zile za awali, imetengenezwa kwa watu wa kazi ngumu na betri yake hutoka. Kikubwa cha inchi 12 ndani ya Cessna 152 kitakugonga magoti na kuzuia usukani. Hilo la kuzuia msilifanyie mzaha. Tarehe 9 Februari 2014, ndege ya Voyager ya jeshi la anga la Uingereza ilishuka futi 4,400 kwa sekunde 27 kwa sababu kamera ya nahodha ilibanwa kati ya kiegemeo cha mkono na kijiti cha kuongozea. Hiyo ni Airbus yenye nafasi. Ninyi mtakuwa ndani ya kitu chembamba kuliko daladala. Fungeni kifaa pajani, kaeni kama mnavyokaa mkiruka, vuteni usukani mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Kikigusa popote, hapo si mahali pake.

Stendi ya kunyonya kioo: inashikilia kwa nguvu ya hewa ya nje, na kwenye futi 10,000 hewa hiyo ni kama asilimia 70 tu ya ile ya pwani. Iliyoshika vizuri Dar inaweza kukuangukia miguuni juu ya Ngorongoro. Ifungeni na kamba.

Dira: vishikwambi vingi na makava yake yana sumaku. Kisogezeni karibu na dira, mwone inavyocheza, halafu kikae mbali nayo.

Umeme: ndege za zamani ni volti 14, nyingi za baadaye ni 28. Chaja ya gari ya bei rahisi imetengenezwa kwa 12. Someni maandishi yake. Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, iko ndani ya kikomo cha Wh 100 cha kubeba ndegeni, ila ikae mlipo ninyi, isiende kwenye sanduku la mizigo tumboni mwa Cessna Caravan ambako ikishika moto hakuna wa kuufikia.

Programu za ramani sitazigusa leo. Jambo moja tu: kabla hamjalipia, hakikisheni ina ramani za Tanzania, na mzipakue nyumbani. Wenye kampuni, kabla ya kuondoa karatasi ndegeni, idhini ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, inahitajika. Wengine wote karatasi ibaki, na ibaki mbele.

Nimebakiza dakika chache za maswali. Waliokuja na vifaa vyao, tukimaliza twende nje kwenye 206 iliyoegeshwa. Nina kipimajoto. Tutavipanga juu ya dashibodi, tuone kipi kinafifia kwanza.