Rejeta mpya, feni mpya, mbona gari inachemsha kuliko zamani?

Haya jamani, shikamooni wakubwa, vijana mambo vipi. Waliokaa juani sogeeni huku chini ya mwembe, nafasi bado ipo. Naona mafundi wenzangu wa Ilala na madereva pia mmekuja, vizuri sana, maana hili la leo linatugombanisha na wateja kila siku.

Mteja analeta gari inapandisha joto kidogo, anakwambia fundi hela ninayo, nifungie rejeta kubwa ya alminiamu, feni mbili za umeme, pampu ya maji mpya, kila kitu. Unafunga, inang'aa, kesho yake anapiga simu yuko Tazara kwenye foleni mshale umepanda kuliko mwanzo. Ugomvi hapo hapo. Yeye anasema umemfungia rejeta feki, wewe unasema gasketi ya hedi imekufa, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, na mkishafika kwenye gasketi hedi inafunguliwa, pesa inaondoka, kumbe kitu chenyewe kilikuwa cha dakika kumi. Inaniuma sana hiyo.

Mimi nawaomba kabla hujashika spana uliza hivi tu: inachemsha wapi? Gari ikishakimbia kilomita 60 kwa saa kwenda juu upepo unaingia wenyewe, feni haina kazi kubwa tena. Sasa kama inatulia ukiwa unatembea barabara ya Bagamoyo halafu inapanda ukisimama Mwenge, achana na hedi, shida yako ni upepo. Kama foleni haina neno ila inapanda ukiwa na mzigo kwenye mlima, Kitonga kule, tafuta kwenye maji: hayazunguki ya kutosha, au mpira wa chini wa rejeta unajibana pampu ikivuta kwa nguvu, au ndo kweli gasketi inaingiza moshi kwenye maji.

Kuna Prado moja ya 1KZ, ile dizeli ya lita 3, na nyie mnajua hedi za 1KZ zikipata joto zinavyopasuka, mwenye nayo alikuwa halali usingizi. Ilishatolewa feni ya mkanda na klachi yake zikafungwa za umeme mbili. Foleni inapanda, barabara ikiwa nyeupe inashuka. Nikawasha nikasubiri, feni zikaanza, zinalia safi kabisa, na wengi tungeishia hapo tukasema feni nzima. Nikachana karatasi ya daftari nikaiweka mbele ya grili. Feni ikikaa nyuma ya rejeta inatakiwa ivute, karatasi inaganda pale hata ukiachia mkono. Ile ikapeperuka ikaja kuniangukia miguuni. Waya za chanya na hasi zilikuwa zimegeuzwa, na mota ya namna ile ukigeuza waya inazunguka kinyume, kwa hiyo gari ikisimama inachukua joto la injini inalipuliza kwenye rejeta kwenda mbele, ikikimbia upepo wa barabarani unaishinda feni. Tukageuza waya mbili. Halafu nikaangalia ile kava ya plastiki inayozunguka feni, haipo, ilitupwa kwa sababu haikuenea kwenye rejeta mpya! Bila kava feni inavuta pale tu panapoelekea mapanga yake, kona zote za rejeta zinakaa bure. Tukatengeneza ya bati, ikafunika kona hadi kona.

Sasa tamostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata joto. Hii tabia ya kusema Dar joto, tamostati ya nini, toa, tuiache jamani. Tamostati za Toyota nyingi zina sahani mbili, moja inafungua njia ya rejeta, ya pili inaziba njia ya mkato ambayo maji yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, ile ya mkato inabaki wazi muda wote, maji ya moto yanazunguka mle mle na rejeta uliyonunua kwa hela nyingi inapata sehemu tu ya maji. Na ikiwepo, ujue yenyewe ndo inapanga joto, ya nyuzi 82 inaanza kufunguka kwenye 82, rejeta hata iwe kubwa kama mlango haitashusha chini ya hapo.

Hewa inayobaki ndani ya njia za maji sitakaa sana, mnaijua: inua pua ya gari, fungua hita mpaka mwisho, jaza polepole, acha iungurume mpaka mapovu yaishe. Hita ikitoa baridi wakati injini ya moto, bado kuna hewa au maji yamepungua.

Kingine, wengine wanafunga geji mpya ya joto yenye namba wanaona nyuzi 96 wanashtuka. Mshale wa gari nyingi za siku hizi umetengenezwa ukae katikati hata joto likicheza nyuzi kumi na zaidi, yaani joto huenda halijapanda popote, umeanza kuliona tu. Na ukitoka kwenye maji matupu kwenda kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kulanti inabeba joto kidogo kuliko maji, kapanda kadogo ni kawaida, ila usirudi kwenye maji ya kisima, yetu mengi huku yana chumvi, alminiamu inaliwa.

Mwenye bunduki ya kupimia joto apime mpira wa juu na wa chini. Tofauti ndogo sana, upepo haupiti. Tofauti kubwa sana, maji yanatembea polepole. Usiipige kwenye alminiamu yenyewe, ile inayong'aa inadanganya, inasoma chini, piga kwenye mpira au bandika tepu nyeusi ya umeme.

Prado yenyewe hiyo hapo nje, mwenyewe kairuhusu. Twendeni tukaiwashe, mfuniko wa rejeta asiguse mtu, na mwenye karatasi aje nayo.